Runinga Iliyochaguliwa Ikiwa Imezimwa

Mtaani walimwita Wembe kwa sababu ya kazi yake ya kunyoa, na mkewe walimwita Sindano kwa sababu ya cherehani yake na wembamba wa mwili wake. Wateja walipenda kutania kwamba ndani ya nyumba ile mtu aangalie anapokaa. Wenyewe walicheka pamoja nao, maana walikuwa watu wapole, wasiomkwaruza yeyote. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na vyumba viwili na sebule, na katika chumba cha nyuma alilala mama yake Wembe, aliyekuja kukaa kwao baada ya kiharusi kumnyima nguvu za miguu.

Maisha yake yote Mama alikuwa amefua mashuka ya hospitali, na hata kitandani hakutaka mikono yake ikae bure. Alimkunjia mkwewe vitambaa, akamkazia vifungo. Lakini mchana ni mrefu kwa mtu asiyetoka nje. TV yao ya zamani, ile yenye chogo kubwa, ilikuwa imekufa kitambo, na juu yake sasa palikaa jagi la maji. Wembe akaona wanunue nyingine, nyembamba na ndogo, itakayotoshea ukuta wa chumba cha mama yake. Kwa kuwa yeye hangeweza kuacha wateja, kazi ya kuchagua akamwachia mkewe. Mama akasema naye anakwenda. Hakuna aliyembishia, kwani ilikuwa zamani tangu alipotoka kwa jambo lolote lisilokuwa daktari.

Dukani, Sindano alikisukuma kiti cha magurudumu katikati ya safu mbili za runinga zilizowaka zote kwa pamoja, samaki wa rangi wakiogelea kutoka kioo hiki hadi kile. Muuzaji, kijana mwenye maneno laini, alieleza habari za wingi wa rangi na matundu ya nyuma ya kuchomekea nyaya. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akamwomba aizime iliyokuwa mbele yake.

Muuzaji alidhani hakusikia vizuri. Alisema watu huja kuangalia picha, na picha haionekani kitu kikizimwa. Mama akarudia ombi lake. Ikazimwa. Mama akakitazama kioo cheusi, akajiona, akamwona na mkwewe nyuma yake, akatikisa kichwa. Wakahamia kwenye nyingine, na nyingine tena. Sindano alianza kuona haya. Alimnong'oneza kwamba wanamchosha mtoto wa watu, lakini Mama hakuonekana kumsikia.

Ile ndogo ilikuwa rafu ya chini, pembeni, karibu na feni. Ilipozimwa, Mama aliinama kwenye kiti chake. Akanyanyua mkono wa kulia, ule uliokuwa mzima, akaupunga taratibu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Akaushusha. Akakikazia macho kile kioo mpaka muuzaji akamtazama Sindano kwa wasiwasi.

"Hii hapa," Mama akasema.

Njiani Sindano alimwuliza kilichomvutia. Mama alijibu kwamba zile nyingine zilimuumiza macho.

Siku ya kuifunga alikuja jirani yao, fundi umeme, mjane mnene mwenye ndevu za kuota haraka, aliyeongea tangu anapobisha hodi mpaka anapoaga. Alikuwa mteja wa Wembe na rafiki yake wa kubishana mpira. Alitoboa ukuta huku akisimulia visa vya nyumba alizowahi kuzitoboa, akagongomea kishikio cha chuma, akaiweka runinga juu yake. Wembe aliishikilia kwa chini, akiogopa isianguke. Mama alikuwa ameegemea mito, akitoa maelekezo: iinuliwe kidogo, ielekezwe huku zaidi, hapana, irudi. Fundi akainama, akakiinamisha kioo mpaka kikatazama kitanda sawasawa, akauliza kama sasa anaiona vizuri.

Mama akasema anaona vizuri kabisa.

Fundi akacheka. Plagi ilikuwa bado mkononi mwake. Wembe naye akacheka, akasema mama yake siku hizi anapenda mzaha. Wakachomeka waya, wakaunganisha king'amuzi, wakangoja chaneli zijitafute. Picha ilipotokea, Wembe alijitupa kitandani kando ya mama yake, akawa kama mtoto.

Baada ya hapo Sindano alianza kuona jambo moja. Alipokuwa sebuleni akishona, chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Akiingia na chai, angekuta runinga imezimwa na Mama ameielekea, macho yake yametulia. Mara nyingine alimsikia akinong'ona, na mara moja alimsikia akicheka kwa sauti ya chini. Lakini viatu vya Wembe vikisikika mlangoni, Mama alipapasa rimoti upesi na kuiwasha, na mwanawe akiingia hukuta taarifa ya habari ikinguruma. Sindano alidhani mama mkwe anaogopa kuwamalizia umeme, na kwamba anaiwasha ili kumfurahisha mwanawe. Akamwambia asijibane, umeme upo. Mama akamshukuru, na hakuna kilichobadilika.

Ikaja alasiri moja ya joto. Sindano alipanda kitandani nyuma ya Mama, akamkalisha katikati ya magoti yake ili amchane nywele. Nywele zilikuwa nyeupe na laini, na alipenda kuzishika. Alichana taratibu, wakizungumza habari ya mteja mmoja aliyenenepa katikati ya kushonewa gauni. Kisha akainua macho.

Katika kioo cheusi aliona chumba: dirisha, pazia, kabati, mlango uliofungwa. Alijiona mwenyewe amekaa kitandani, amepanua magoti, mkono mmoja umeshika chanuo na kulishusha hewani, ukilipandisha tena na kulishusha. Mbele yake hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa tupu, halina shuka.

Mkono wake ulikataa kusimama. Alikuwa anahisi uzito wa Mama kifuani pake, joto la kichwa chake, harufu ya mafuta ya nywele. Alishusha macho, na kichwa kilikuwa pale. Akainua tena, na kule hakikuwapo.

"Umeona," Mama akasema bila kugeuka.

Sindano alirudi nyuma kidogo.

"Usinidondoshe tu, mwanangu. Endelea kuchana."

Akaendelea, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama akamweleza bila haraka. Ujanani mwake, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, palikuwa na dirisha moja la kioo cheusi, na wafuaji walikatazwa kujitazama pale. Yeye alijitazama mara moja na kumkosa mwenzake aliyekuwa amesimama bega kwa bega naye. Kabla mwezi haujaisha, mwenzake huyo akazikwa. Tangu hapo hakupita mbele ya kioo cheusi bila kukichungulia, na vyote vilikuwa vioo tu, mpaka siku ile dukani. Pale rafuni alimwona Sindano ameshika vishikio vya kiti kisicho na mtu. Alipunga mkono kuhakikisha. Hakuna kilichopunga.

Sindano akauliza kwa nini basi waliileta nyumbani.

"Ningeiacha kule, habari ingekuwa ileile. Nikaona afadhali nizoee. Sasa kila siku naangalia chumba bila mimi. Mara ya kwanza nililia. Siku hizi naona tu kwamba mtapata nafasi nzuri ya kuweka cherehani, karibu na dirisha."

Ndilo lililokuwa likimchekesha. Sindano akalia juu ya nywele alizokuwa akizichana, na Mama akampapasa goti mpaka akanyamaza. Kisha akamwomba jambo moja: Wembe akiingia chumbani, runinga iwe imewaka. Sindano akaliweka chanuo chini. Akauliza kama Mama amewahi kumtazama mwanawe mle ndani.

"Sijawahi," Mama akasema. "Wala sitaki. Mzazi hatakiwi kuona hilo."

Walilifunga neno hilo kati yao. Kwa muda uliobaki, Sindano alihamishia ushonaji wake chumba cha nyuma, akikaa ameupa mgongo ukuta ule wa runinga. Wembe alifurahi kuona mkewe na mama yake wamekuwa kama chanda na pete. Hakujua kwamba mkewe alikuwa akisikiliza pumzi za mtu huku akipima mishono.

Mama alifariki asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado cha moto, wakati mtangazaji anaeleza hali ya hewa. Sindano alikuwa amemshika mkono. Alihuzunika kama aliyefiwa na mama aliyemzaa, lakini hakushtuka, na watu waliokuja kuwapa pole walisema mkwe yule ana moyo.

Mashuka yalipofuliwa na godoro likaachwa wazi, Sindano alifumba macho kila alipopita mbele ya runinga. Alitaka kumweleza mumewe, akashindwa kujua aanzie wapi. Wembe naye hakutaka kuuacha ukuta ule. Alisema akikaa pale anamhisi mama yake. Akaweka viti viwili, akawa anamwalika fundi umeme kuangalia mpira, na Sindano akahakikisha runinga inawaka kabla hawajakaa na inabaki hivyo mpaka wameondoka. Aliwaambia kwamba kuiwasha na kuizima mara kwa mara kunaiharibu. Fundi alimwambia hilo si kweli, lakini hakumbishia sana, maana chai ya nyumba ile aliipenda.

Jumapili moja mchana umeme ulikatika. Sindano alikuwa jikoni. Alisikia kelele za uwanjani zikikatwa katikati, akadondosha kijiko, akakimbia. Alipofika mlangoni, wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vyao wakikielekea kioo. Fundi umeme alikuwa ameinama, akihangaika na kamba ya kiatu chake na kulalamika kwamba hata yeye, aliyezaliwa na nyaya mkononi, hawezi kuwatetea watu wa umeme. Wembe alikuwa wima mgongo, macho mbele. Sindano akavua kitambaa cha kichwani, akakitupia juu ya runinga, akasema vumbi limezidi.

Fundi alipoaga, Wembe alibaki amekaa. Sindano alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Ilikuwa ya baridi.

"Mimi nilikuwamo kiooni," Wembe akasema. "Kiti chake kilikuwa kitupu. Nilikuwa namsikia ananizungumzisha hapa, na kule kiti ni kitupu."

Ndipo Sindano akamwambia yote: dukani, chanuo, dirisha la chumba cha kufulia. Aliona aibu kwamba kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa shukrani kwamba si mumewe aliyekosekana. Wembe hakumlaumu kwa kumficha. Alichukua bisibisi, akaifungua runinga ukutani, akaizungushia blanketi na kuilaza juu ya kabati, uso chini. Kuiuza walishindwa, maana ingekwenda kwa watu wengine. Kuivunja waliogopa.

Lililowaumiza kichwa lilikuwa rafiki yao. Wembe alimshauri akapimwe. Fundi alimcheka, lakini Wembe alimsumbua mpaka akaenda, na daktari akamwambia apunguze chumvi. Wembe alimkataza kupanda nguzo wakati wa mvua. Fundi akamwuliza tangu lini vinyozi wanafundisha kazi ya umeme. Waliwaza kumwambia ukweli. Siku walipokubaliana kumwambia, alikuja akicheka, amebeba matikiti mawili, akasimulia jinsi alivyompata kijana wa kumwachia kazi ili mwaka ujao apumzike. Walitazamana, wakakata tikiti.

Baada ya hapo walimwambia tu aje kula kila mchana, kwa kuwa mtu hapiki vizuri akipikia peke yake. Alikuja. Aliongea, nao walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza mtu. Sindano alimshonea shati la kola nzuri. Siku moja fundi aliweka kijiko chini, akawauliza kwa nini siku hizi wanamwangalia kama bwana harusi. Wembe akamwambia kwamba tangu mama yake aondoke, nyumba imekuwa kimya. Hilo lilikuwa kweli, na fundi akaridhika.

Ilitokea dukani kwa Wembe, adhuhuri, hakuna mteja mwingine. Fundi alikuwa ameegemea kiti, taulo shingoni, povu kidevuni, akisimulia habari za mkewe marehemu walipokuwa wachumba. Wembe alikuwa amemaliza shavu la kushoto na anasuuza wembe kwenye beseni aliposikia hadithi imekatika. Alingoja iendelee. Maji yalitulia kwenye beseni. Alipogeuka, rafiki yake alikuwa amefumba macho, na povu la upande wa kulia halikutikiswa na pumzi yoyote.

Wembe alimgusa shingo, kisha kifua. Akakaa kwenye benchi ya wateja kwa muda. Nje watu walipita na shughuli zao. Aliinuka, akaupangusa wembe, akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha rafiki yake kama alivyofanya siku zote, akanyoa shavu la kulia polepole mpaka likalingana na la kushoto. Akamfuta kwa taulo ya uvuguvugu. Kisha akatoka mlangoni kuita watu.