Waliouawa Kabla ya Tangazo la Kwanza

Alhamisi, tarehe 9 Machi 1995. Manyunyu yalikuwa yakianguka Burbank tangu alfajiri. Verlene Tibbs alifika studio ya televisheni saa kumi na mbili asubuhi, akafunga mwavuli, akasali kimya mlangoni, kisha akatoa mkobani kikopo cha poda. Kwa miaka ishirini na miwili ya kuigiza alikuja na poda yake mwenyewe, kwa sababu mezani pa wapambaji hapakuwahi kuwa na rangi ya ngozi yake.

Katika chumba cha kupambia walikuwa wameshafika wanawake thelathini na mmoja, wote wenye uso wake. Ni wale aliowahi kuwaigiza, na wote waliuawa kabla ya tangazo la kwanza la biashara. Mmoja alikuwa na kamba shingoni. Mwingine alishika tumbo, pale risasi ilipoingilia. Walipanga foleni kuazima poda.

"Dada Verlene, waambie wageni wako wasinidondoshee damu kwenye zulia," alisema Doreen, mpambaji. "Limefuliwa jana tu."

"Watajitahidi, mpenzi."

Karani wa studio alipitisha daftari la mahudhurio, maana asiyeandika jina hapati chakula cha mchana. Wanawake wakaandika walichokuwa nacho: Yaya. Muuguzi wa Pili. Mwanamke Mweusi Mlangoni.

Verlene alisoma juu ya bega la karani. Kikopo kikamponyoka. Siku hiyo alikuwa aigize mama anayepigwa risasi dakika ya nne, ili mpelelezi mzungu apate sababu ya kulia. Kwenye maandishi ya mchezo aliitwa Mwanamke Ngazini. Akamfuata mwongozaji, Bwana Haskell.

"Bosi, huyu mama mpe jina. Nitalitaja mara moja tu, nikifungua mlango."

Haskell alikuwa akila donati. "Ukimpa jina, watu watampenda. Halafu nitamuuaje?" Alisema bila ubaya wowote, kama anayemwelekeza mtu posta.

Saa nne walirekodi. Verlene akaanguka ngazini; mpelelezi akalia vizuri. Haskell alipoita "Kata!", Verlene aliinuka, na mwingine akainuka kando yake, tundu kifuani. Yule akakung'uta sketi, akaenda kuandika daftarini: Mwanamke Ngazini.

"Sahani ya thelathini na mbili," karani alinung'unika. Mchana, wote wakiwa mezani, alimpa Verlene ratiba. "Kesho saa kumi na mbili tena, mama. Unafia jikoni."

"Nikiwa nani?"

"Mpishi."

Verlene alisimama pale mezani, kama watu wa kanisani kwao wanavyosimama kutoa ushuhuda.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote: kesho mpishi huyu atakuwa na jina. Kabla sijafa, nitasema kwamba mimi ni Ruthie Mae Gaines."

"Amina," wakaitikia wale thelathini na wawili.

"Sema tu, mama," alisema Haskell kwa upole. "Tutalitoa wakati wa kuunganisha picha."

"Litoeni. Hawa watakuwa wameshalisikia. Nitalisema."