Uwanja Mmoja, Maduka Mawili

"Duka jipya ndilo litakalomtoa huyu mtoto!" Baba Mwigulu, jirani yao, alipaza sauti ya kuitia ng'ombe, viwiko juu ya ua wa minyaa. "Linampa hela ya kutanguliza. Hilo la zamani limempa nini? Pole?"

"La zamani lina watu," Mama Paskalia akajibu bila kumtazama, akikoroga mchuzi uani. "Wewe ng'ombe wako unawapeleka mnada wenye watu, au wenye turubai jipya?"

Mtaa wao wa Kambarage ulishagawanyika, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kununua gemu ya kompyuta. Ila habari walikuwa nazo zote. Walijua Paskalia, aliyekaa kizingitini na kompyuta mapajani, ametengeneza gemu yake mwenyewe kwa miaka miwili. Walijua gemu hizo zinauzwa mtandaoni, kwenye maduka yasiyo na mlango wala kaunta: mtu yuko Brazili huko, analipa, anapakua, anacheza. Na walijua duka jipya, linalosaka wateja kwa udi na uvumba, liko tayari kumlipa kabla hajauza hata moja, mradi asiiweke kwingine mwaka mzima. Jibu lilitakiwa leo, jua halijazama.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kuazima, ya binamu yake wa Geita. Hela ile ingemnunulia ya kwake. Hapo ndipo alipokwama.

Wale wawili uani, ukweli wa Mungu, hawakuwa wanabishania maduka. Baba Mwigulu ni Mgika, Mama Paskalia ni Mgalu, na pande hizo mbili za ngoma za Kisukuma hazijawahi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha. Gemu nayo ilikuwa ya hayo hayo: ngoma mbili, uwanja mmoja, saa ile ile, anayevuta umati ndiye mshindi.

"Ninyi mna nini cha kusema?" Mama Paskalia akachokoza. "Mwaka ule chatu wenu wa kucheza naye ngoma si alisinzia uwanjani?"

"Alikuwa ameshiba!"

Paskalia akacheka, kisha akainua kichwa. "Baba Mwigulu, naomba kuuliza."

"Uliza, ng'wanone. Wewe ni mwanangu."

"Siku za mashindano, mkiona watu wanawahama kwenda kwa Bagalu, upande wa mama, mliwahi kuwafungia njia?"

"Yaya!" Mzee akaruka kama kakanyaga moto. "Hapana! Unatutukana? Anayefunga njia ameshakiri ngoma yake mbovu. Sisi tulizidisha mbwembwe, mtu anarudi kwa miguu yake mwenyewe, tena anakimbia!"

Mwiko wa Mama Paskalia ulisimama sufuriani. Baba Mwigulu akajikuna kisogo.

"Mtoto huyu," akasema taratibu, "kanivua nguo hadharani. Duka langu ndilo linalofunga njia."

Paskalia alikuwa ameshaanza kuandika. Alipomaliza akawasomea: "Asanteni kwa hela yenu, lakini siichukui. Gemu hii nitaiweka kila duka litakaloipokea, na lenu mkipenda. Mchezaji atachagua mwenyewe pa kuinunulia." Akabonyeza, ikaenda.

"Na kompyuta?" mama yake akauliza.

"Binamu hajaidai bado. Nitanunua yangu kwa mauzo, mama. Gemu ni tamu, naijua. Nimeicheza mimi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina lake.

"Basi mimi nitainunua kwenye duka jipya," Baba Mwigulu akatangaza, "ili Bagalu mjue hatujashindwa."

"Kwa simu hiyo ya tochi?" Mama Paskalia akamkejeli.

Hata majirani wa nyumba ya tatu walisikika wakicheka. Mzee naye akacheka, akaondoa viwiko kwenye ua, ila miguu haikutoka pale. Harufu ya kuku ilikuwa imemshika.

"Kwako wamepika nini leo?" Mama Paskalia akamuuliza.

"Ugali, na mlenda."

"Hapa kuna wali na kuku wa kienyeji. Zunguka mbele, Baba Mwigulu, ingia tule."