Rangi Haisomwi Mbichi

Muuza dawa alianza kumweleza namna ya kutumia vile vipimo, fundi akamkata kauli. Alimwambia ampe boksi zima, maelezo awawekee wanaokuja kutafuta dawa ya kikohozi. Muuza dawa hakuchoka. Alisema karatasi imo ndani, aisome, hasa pale penye dakika. Fundi akamjibu kwamba ana miaka ishirini na miwili anapaka rangi magari ya watu, na anatofautisha nyeupe na nyeupe ambazo mwenye gari mwenyewe anaziona moja. Mistari miwili kwenye kipande cha plastiki itamshindaje? Akabeba boksi lake la vipimo ishirini na vitano vya korona, akatoka bila kuaga.

Tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Mama yake alikuwa na nyonga iliyosagika, na walikuwa wamesubiri nafasi ya upasuaji miezi kumi na moja. Sasa siku ilikuwa imepangwa, Jumanne. Barua ya hospitali ilisema wazi kuwa mgonjwa akionekana na korona, wapige simu mapema, nafasi apewe mwingine, naye arudi kwenye foleni. Daktari aliongeza kwa mdomo kwamba mapafu ya bibi huyu si mazuri, na korona na dawa ya usingizi havikai kifua kimoja. Mama alikuwa anakwenda chooni kwa kushikwa kwapa. Kila asubuhi alihesabu kwa vidole siku zilizobaki.

Basi fundi akaweka sheria yake. Havuki mtu kizingiti bila kutia kijiti puani.

Kijiti kilikwenda kama kawaida, kikazungushwa puani, kikakorogwa kwenye dawa yake, matone yakadondoshwa kwenye kipimo. Ubaya ulikuja kwenye kusoma. Katika kazi ya fundi, rangi mbichi ni mwongo. Ukiipiga inang'aa na kukuchekea, na ikikauka ndipo inakwambia ukweli. Alikuwa amewaona wengi waliokabidhi gari kwa haraka, kesho yake mlango una rangi yake na boneti ina yake. Kwa hiyo kila kipimo alikilaza dirishani juani saa nzima, kisha akakiinamisha kwenye mwanga huku amefumba jicho moja, kama anavyofanya na bati. Ukimwambia hiki ni kipimo cha haraka, anakwambia haraka haraka haina baraka.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mwanamke wa kulipwa aliyekuja kila siku kumwogesha bibi na kumnyoosha miguu. Alhamisi kipimo chake kilikauka na mstari wa pili, mwembamba kama utando wa buibui. Mwanamke wa watu aliapa hajapiga hata chafya. Fundi akamwambia chafya si cheti, akamfungulia geti. Ikabidi fundi amwogeshe mama yake mwenyewe, kwa mikono iliyonuka tina ya kuyeyushia rangi. Mama alifumba macho kwa aibu, akamwambia anamsugua kama anatoa kutu.

Fundi alijipima pia, maana unafiki hakuwa nao. Chake kilikauka kisafi. Hilo likamzidishia kichwa.

Jumamosi akaja mdogo wake wa kike, anayeshona sare za shule ng'ambo ya pili ya mji. Tangu mama ahamie kwa fundi, hawa wawili walikuwa wanasalimiana kama paka na chui. Alileta magauni mawili yaliyopasuliwa mbele, mama ayavae hospitali bila kuinuliwa mguu. Fundi akamweka barazani na kumkabidhi kijiti. Dada alijipima, akaangalia saa yake. Dakika kumi na tano zilipotimia akasimama.

“Mstari mmoja, kaka. Nipishe.”

“Kaa. Hakijakauka.”

“Kwani ni nguo?”

Alikaa, kwa kuwa mlango ulikuwa na kaka yake mzima mzima. Saa ilipotimia fundi alikichukua kipimo, akakiinamisha, akakigeuza, akasema mstari upo. Dada akauliza uko wapi. Akaonyeshwa kwa ukucha. Hakuona kitu. Alimpelekea jirani aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo ya ua, naye hakuona kitu, akasema kwa macho hayo fundi aajiriwe kutafuta sindano zilizopotea. Fundi akawajibu wote wawili kwamba asiyejua rangi hana la kusema kuhusu rangi.

“Mwaka mzima unatafuta mlango wa kunifungia,” dada alisema. “Sasa umeununua dukani.”

“Unataka Mama aingie kwenye kisu na ugonjwa wako?”

“Ugonjwa wangu ni wewe.”

Mama aliita kutoka chumbani, mwacheni mtoto wangu aingie. Fundi akaenda akafunga dirisha la chumba cha mama, ili hewa ya barazani isimfikie. Dada aliyaacha magauni juu ya kiti, akaondoka. Jioni alituma ujumbe kwamba amepimwa kliniki, hana kitu. Fundi aliusoma, hakuujibu.

Jumatatu saa moja asubuhi akampima mama, kwa kujihakikishia tu. Akakilaza kipimo dirishani, akaenda kumkorogea uji. Saa mbili na robo akakichukua, akakiinamisha kwenye mwanga. Mstari ulikuwepo. Hafifu, wa kijivujivu, lakini upo.

Kwanza alimlaani dada yake, kisha yule mama wa kuogesha, kisha akajilaani yeye kwa kuwaruhusu hata kufika barazani. Hapa mtu mwingine angefumba jicho. Hakuna aliyeuona mstari ule ila yeye, na kipimo kingeingia kwenye ndoo ya taka na safari ikaendelea. Lakini akilini alimwona mama yake amelala mezani hapumui, na muuaji ni yeye aliyejua akanyamaza. Akapiga simu hospitali. Karani aliuliza kama bibi anakohoa. Hakohoi. Ana homa? Hana. Basi wamejuaje? Fundi akasema ameuona mstari kwa macho yake. Karani akamshukuru kwa uaminifu, akasema yupo anayesubiri, atamwita sasa hivi. Mazungumzo hayakuchukua dakika mbili.

Alikuwa bado amesimama na simu mkononi, hajui amwambie nini mama, dada alipogonga geti saa tatu kasorobo. Safari hii alikuja na cheti cha kliniki na karatasi ya maelezo aliyoipata kwa muuza dawa yule yule. Hakusalimu. Alisimama nje ya geti akasoma kwa sauti ya kumsomea mtoto. Matokeo yasomwe baada ya dakika kumi na tano. Yasisomwe baada ya dakika thelathini. Mstari utakaojitokeza kipimo kikikauka hauna maana yoyote.

Fundi akasema hayo yameandikwa na watu ambao hawajawahi kushika bomba la rangi.

“Karatasi kama hii unayo ndani. Umeiweka wapi?”

Alikuwa ameikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. 

“Chukua kipya,” dada akamwambia. “Usitie pua ya mtu. Dondosha dawa tupu, ukilaze unavyowalaza wenzako.”

Hilo hakuweza kulikataa, kwa sababu ndiyo kazi ilivyo. Rangi ukiitilia shaka, unaijaribu kwanza kwenye bati bovu. Akafungua kipimo, akadondosha dawa isiyoguswa na mtu. Wakakaa barazani, yeye huku na dada kule, kama washtakiwa wa kesi moja wanaochongeana. Zilipofika dakika kumi na tano mstari ulikuwa mmoja. Jua likakipiga. Saa ilipotimia fundi alikiinua, akafumba jicho moja.

Mstari ulikuwepo. Hafifu, wa kijivujivu, na haukuwa wa mtu.

Dada hakuuliza ameona nini, uso wa kaka yake ulitosha. Fundi aliingia ndani na kipimo kingine, akampima mama, na safari hii akaikodolea saa macho. Dakika kumi na tano, mstari mmoja. Akapiga simu. Karani alimkumbuka. Akasema mgonjwa mwingine ameshaitwa na ameshafika, yuko wodini anatolewa damu. Nafasi iliyo karibu ni baada ya miezi mitano. Fundi akaanza kueleza habari ya rangi mbichi na rangi kavu. Karani akasema pole, baba, kuna watu kwenye laini.

Dada aliyasikia yote. Fundi alipomtazama, akamwambia aende amwambie mwenyewe.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, mkoba wake wa hospitali umefungwa kando yake tangu Jumapili. Fundi akamweleza yote mpaka mwisho. 

“Simu ya kwanza uliipiga saa ngapi?”

“Saa mbili na nusu.”

“Na mimi nilikuwa wapi?”

“Humu, Mama. Nilikuwa nakulinda.”

“Nilikuwa hatua sita kutoka kwako. Mguu ni wangu, nafasi ni yangu. Ukamwambia karani, mimi ukanipita kama kiti.”

 Mama akamgeukia binti yake mlangoni, akamwambia achukue mkoba, wanakwenda kwake. Fundi akasema kule kuna ngazi. Mama akasema ngazi hazipigi simu. Akasema kule atatunzwa miezi mitano hiyo na mtu anayemuuliza.

Dada alijaribu kumwinua. Hatua mbili tu mama akapiga yowe, akashika ukuta, jasho likamtoka. Binti hakuwa na nguvu hizo, na dereva wa teksi waliyoiita alikuwa mzee wa kukohoa mwenyewe. Wote watatu chumbani walijua ni mikono ya nani iliyobaki.

Akainama, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja, kama alivyozoea, akamwinua. Hakuwa mzito. Mama hakumshika shingo. Alikunja mikono yake kifuani, akageuza uso upande wa ukuta, na njia nzima akawa anamwelekeza kama mbeba mizigo, kushoto, polepole, kuna jiwe. Walipofika kwenye teksi, fundi alimlaza kiti cha nyuma, akasawazisha mguu ule mbaya juu ya mto, kiganja chake bado kiko chini ya goti. Alikuwa na neno mdomoni, lilikuwa limeshafika kwenye meno.

“Nimeshafika,” mama akasema. “Toa mkono.”

Akautoa.