Muhtasari Ulioandikwa Kabla ya Kikao

Yordani alikuwa fundi saa kwa miaka kumi na tisa, kibanda chake kikiwa Korogwe ya zamani, mpaka simu zilipoua kazi hiyo. Watu wakaacha kuvaa saa. Naye akahamia Manundu, mjini hapo hapo, akajifunza kompyuta kwa kuzifungua, kuziharibu na kuzifunga tena. Shule aliishia darasa la tano, na hakuona haya kulisema. Alichoonea haya ni kazi mbovu.

Ijumaa asubuhi simu yake ikaita. Alikuwa Edna, katibu wa kamati ya maji ya kijiji kimoja kule Handeni.

"Shikamoo, mzee Yordani."

"Marahaba. Sauti hiyo, nani kafa?"

"Nimekufa mimi."

Akamweleza. Jana yake kamati ilikaa, ikaamua kisima kichimbwe karibu na zahanati. Kikao kilianza saa nane, watu walipotoka kwenye swala ya adhuhuri, kikaisha saa kumi. Edna akabaki ofisini, akachapa muhtasari, akautoa kwenye printa. Chini ya ukurasa kompyuta iliweka saa yenyewe, kama ilivyozoea: 13:40. Yaani saa saba na dakika arobaini.

Mzee Hiza, ambaye alitaka kisima kiende kitongojini kwake, ndiye aliyeiona.

"Anasema niliandika uamuzi kabla watu hawajakaa. Eti mimi na mama Mwaija tulipika kila kitu," alisema Edna. Mwaija alikuwa mwenyekiti wa kamati. "Kesho wanakaa kunivua ukatibu. Na kisima kinaanza kujadiliwa upya."

"Si nilikuja nikabadilisha betri ya hiyo mashine?"

"Ulikuja. Ikakaa sawa siku mbili, ikarudi vile vile. Nikawa naisogeza kwa mkono. Jana nikasahau."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mzee. Ukasema betri za siku hizi feki."

Edna alisema kweli. Yordani alikumbuka hata siku yenyewe. Alikuwa anakula mhogo wa kuchoma, akamjibu Edna huku anatafuna.

"Inarudi nyuma kiasi gani?"

"Masaa matatu."

"Leo matatu, kesho je?"

"Matatu tu. Hayapungui wala hayazidi."

Hapo ndipo Yordani alipoketi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika saa za kila namna, na hakuwahi kuona saa mgonjwa inayokosea kwa kipimo. Betri ikichoka, saa inapoteza dakika nne leo, kumi na moja kesho, keshokutwa inalala kabisa. Hii ya Edna haikuwa na ugonjwa wowote. Kuna mtu alikuwa anairudisha nyuma kwa makusudi, kila mara hatua zile zile.

Na kama mtu huyo alikuwa ndani ya mashine, aliyemweka ni Yordani mwenyewe.

Kompyuta ya kamati ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha. Ukiwasha, inakuuliza unataka kuingia wapi. Windows ilikuwa ya kuchapa. Linux aliiongeza Yordani mwaka jana, ili Edna aitumie kwenye intaneti na kufungulia flashi za watu, kwa sababu virusi vilikuwa vimeichosha mashine. Alijisifu sana kwa kazi ile.

Akashinda siku hiyo na kompyuta moja ya mezani kwake yenye mifumo hiyo hiyo, anazima, anawasha, anaandika kwenye karatasi. Alasiri akaupata ukweli. Ndani ya mashine kuna saa moja ndogo, na mifumo yote miwili inaitegemea. Linux ikipata intaneti, inaiweka hiyo saa ndogo kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya Tanzania kwa masaa matatu, kisha inapoonyesha kwenye kioo inaongeza matatu. Windows haijui habari hiyo. Inachokikuta ndicho inachoonyesha. Saa ni moja, lakini wasomaji wawili hawakupatana, na aliyewakalisha pamoja bila kuwapatanisha ni yeye.

"Fundi saa mzima," alijiambia kwa sauti, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akageuka.

Angeweza kumwelekeza Edna kwa simu na kubaki Manundu. Lakini nani angemwamini mtuhumiwa anayejitetea kwa maneno ya kompyuta? Jumamosi alfajiri akapanda gari la Handeni.

Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Mama Mwaija, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimpa nafasi ya kusema kabla ya wengine. Yordani hakuzunguka.

"Mashine hii niliitengeneza mimi. Saa inakosea kwa sababu yangu. Huyu binti aliniambia, nikampuuza."

"Umelipiwa nauli na nani kuja kusema hayo?" akauliza mzee Hiza kutoka benchi la mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jibu swali."

"Nimejilipia. Hiyo saa ya mkononi mwako, nani alikutengenezea?"

Mzee Hiza akaitazama saa yake kama mtu aliyeulizwa habari za mke wake. "Wewe. Zamani, kule Korogwe."

"Inakwenda?"

"Inakwenda."

"Basi leo tutaamini hiyo hiyo. Njoo ukae hapa mbele ya kompyuta."

Yordani akawasha Linux, akaunganisha intaneti kutoka kwenye simu yake, akaiacha ikae kidogo. Saa ikasoma karibu sawa na ya mzee Hiza. Akazima, akaingia Windows. Akamwambia mzee achape sentensi yoyote anayotaka. Mzee Hiza, kwa kidole kimoja, akahangaika mpaka akamaliza: *Mimi Hiza sidanganyiki.* Watu wakacheka. Edna akaichapisha karatasi, naye Yordani akampa mzee aisome chini.

"Imeandikwa 07:20," akasoma. "Saa moja na dakika ishirini."

"Na saa yako?"

"Saa nne na dakika ishirini na mbili."

"Saa moja na dakika ishirini ulikuwa wapi, mzee?"

"Nyumbani. Nakunywa uji."

"Hapana. Karatasi inasema ulikuwa hapa ofisini unachapa."

Kicheko kikapanda mpaka nje. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee Hiza amepika muhtasari na uji!" Mzee mwenyewe hakucheka. Aliigeuza karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Alikuwa mbishi lakini hakuwa mwongo.

"Ongeza masaa matatu kwenye ile ya Alhamisi," alisema Yordani kwa upole kidogo.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Saa kumi na dakika arobaini. Kikao kilikuwa kimeisha." Akamgeukia Edna. "Mwanangu, nimekuvunjia heshima bure. Nisamehe." Kisha akaongeza haraka, "Lakini kisima bado nasema kingekuja kwetu."

"Sema, mzee," alijibu mama Mwaija. "Kusema hatujakukataza. Ukatibu wa Edna je?"

"Abaki nao. Nani mwingine anaweza hii mashine?"

Edna akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasogea aone kazi. Yordani akarudi Linux, akaandika mstari mmoja wa amri, kwamba hiyo saa ndogo ya ndani ikae kwa saa za hapa nyumbani. Akazima, akawasha, akaingia huku, akaingia kule, mara tatu. Mifumo yote miwili ikasoma kitu kimoja. Akamwandikia Edna ule mstari kwenye daftari lake, amri ikipotea airudishe mwenyewe.

Kabla hajaondoka, alitoa orodha mfukoni. Kompyuta saba alizokuwa ameziwekea mifumo miwili kwa namna ile ile, ya kwanza ikiwa ya shule moja huko Kwashemshi. Jumatatu angeanza kuzizungukia, na kila mahali angesema kosa ni la nani.

Edna akachapa muhtasari wa kikao cha siku hiyo. Mzee Hiza akaupokea wa kwanza, akaenda moja kwa moja chini ya ukurasa, akalinganisha na saa yake ya mkononi.

"Bado inakosea! Iko nyuma dakika mbili."

Yordani akatoa simu yake, akatazama. "Kompyuta iko sawa, mzee. Ni hiyo yako inakimbia."

Mzee akasita. Kisha akafungua mkanda, akaiweka saa kwenye kiganja cha fundi.

"Basi itazame. Si umesema unarekebisha makosa yako?"