Matundu Kumi na Saba

Kofi la kwanza lilipigwa kwa kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa bado kinafuka moshi.

Shemeji alikuwa ametoka garini kwa kutambaa, kichwa mbele, kama mtoto anayezaliwa bila mkunga. Akakaa chini kwenye changarawe, katikati ya uwanja wa vyuma chakavu, akavua kiatu cha kulia, akakigeuza. Soli ilikuwa imeyeyuka, na pedali ya mafuta imejipiga muhuri humo, mistari yake yote ikihesabika. Akainuka taratibu. Mtu wa kilo mia na kumi akiinuka taratibu, mwenye akili hukimbia. Keekee hakukimbia. Alisimama na kalamu na daftari lake, anangoja kuambiwa gari lilivyokwenda.

Paa! Soli ikanata shavuni. Ilibidi Shemeji aibandue kwanza ndipo apige la pili.

"Mizunguko tisa!" alinguruma. "Tisa tu! Wa kumi nimemwona marehemu bibi yangu amekaa pembeni, anajipepea, ananiambia, mjukuu wangu, afadhali huko nilipo!"

"Na muda?" Keekee akauliza, damu ikimchuruzika mdomoni. "Muda ulikuwaje?"

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, amestaafu akiwa na vidole tisa na kilo hamsini na nane, na jina la Keekee alipewa kwa sababu mashine ya kutobolea haikumtoka mkononi. Kwa miaka sita alikuwa akiliunda gari lile dogo la mbio, lenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, kwa imani moja tu: chuma kina uzito, tundu halina. Alitoboa milango. Alitoboa pedali, fremu za viti, mpini wa gia, hata ufunguo wa kuwashia. Kila alichopunguza alikiandika daftarini kwa gramu. Nyumbani, mkewe alianza kulala na sufuria zake chumbani tangu siku alipomkuta mumewe anazitazama kwa jicho la mapenzi.

Balaa lilikuwa kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Humo alitoboa matundu kumi na saba, kila moja upana wa kizibo cha chupa, na upande wa pili wa bati, shubiri moja tu, ndipo bomba la ekzosi lilipopita likiwa jekundu kama jicho la mlevi.

"Ziba yale matundu, shem."

"Kila kiraka ni gramu arobaini. Zidisha mara kumi na saba."

"Mimi ni nyama, shemeji. Nyama! Unanibanika!"

"Basi pungua unene, maana gari halina kosa."

Hapo maneno yakaisha. Shemeji alimkamata kola akambamiza kwenye boneti, mara moja, mara mbili, boneti ikabonyea mfano wa uso wake. Keekee akapapasa, akaung'oa mlango wa gari na kumtwanga nao kichwani. Lakini mlango ulikuwa mwepesi mno, kazi ya mikono yake mwenyewe, ukajikunja juu ya kichwa cha Shemeji kama kofia ya karatasi. Akatupa mlango, akauma sikio. Shemeji akapiga ukelele, akazunguka naye kama mtu aliyevamiwa na nyuki, kisigino kikanasa kwenye chuma cha kuvutia gari bovu. Wakaenda chini wote wawili, mwembamba juu, mnene chini, na bega la mnene likatangulia.

Ko!

Mtulinga wa Shemeji ulivunjika kwa sauti iliyowafanya hata kunguru juu ya rundo la mabafu wanyamaze.

Dada yake Keekee, mwenye uwanja na mwenye mume, alitoka bandani na grenda yake ya petroli, ile kubwa ya kukatia reli. Alikuwa mkubwa kwa Keekee kwa miaka kumi, na ndiye aliyemfunza kutembea, kwa hiyo hakuona sababu ya kumwogopa.

"Nani kamvunja baba watoto?"

Mmoja alikuwa chini analia. Mwingine alikuwa na kipande cha sikio mdomoni. Jibu halikuhitaji tochi.

"Dada, ameanza yeye—"

"Tema kwanza."

Akatema.

"Jumapili ni mbio," dada alisema. "Dereva umemvunja, basi utaendesha wewe. Mizunguko ishirini. Sikuambii ushinde, nakuambia umalize, ukae humo kama alivyokaa huyu. Ukimaliza, gari ni lako. Ukiteremka kabla, hata kama umebakiza hatua moja, nalikata vipande palepale kwenye machimbo ya mbio mbele ya macho yako, na vipande navitupa na mabafu. Miaka sita yako itakuwa nati."

Alivuta kamba ya grenda mara moja, ikanguruma, akaizima. Hilo lilikuwa sahihi yake.

Keekee hakulala vizuri wiki ile, lakini asubuhi ya tatu alipata faraja: matundu yote ya miaka sita yalikuwa yamepunguza kilo thelathini na moja, na kumvunja Shemeji kumepunguza hamsini na mbili kwa pigo moja. Kuhusu joto, alifanya alichokijua. Alitoboa. Kwenye bati la nyuma, juu ya kisogo cha dereva, alifungua tundu la ukubwa wa kiganja. "Joto ni mgeni," alimweleza mkewe. "Ukimwonyesha mlango, anaaga." Mkewe akahesabu sufuria.

Mbio zilifanyika kwenye machimbo ya kokoto yaliyopakana na uwanja wa dada, kwenye barabara ya malori inayozunguka shimo. Sheria zilikuwa chache. Kugongana hakukukatazwa. Kulikatazwa kushuka na rungu, na hata hilo lilikatazwa baada ya mtu yuleyule kulifanya mara mbili. Mtu huyo alikuwa Greda, dereva wa lori la machimbo, ambaye gari lake la mbio lilikuwa limefungwa kipande cha reli mahali pa bampa.

"Mzee," Greda alimchungulia Keekee dirishani kabla ya kuanza, "hili ni gari au chujio?"

"Ukiliona kwa nyuma utalijua."

"Nikiliona kwa nyuma nitaliokota kwa kijiko."

Bendera ikashuka. Mizunguko mitatu ya kwanza Keekee aliruka kama kiroboto. Wa nne, joto likaja. Halikuja kama jua. Lilikuja kama mtu mwenye kinyongo, likaanzia kwenye ugoko, likapanda magotini, likaingia ndani ya kofia ngumu na kukaa. Kitasa cha mkanda kilimchoma kifuani. Mpini wa gia ukawa haushikiki ila kwa mkono wa shati. Ajabu, kadiri alivyozidisha mwendo ndivyo lilivyozidi, na lile tundu la mgeni kuaga lilipuliza nyuma ya shingo yake kama lina haraka.

Mzunguko wa saba, Greda akampata. Reli iliingia ubavuni kwa kishindo, gari likaenda upande, kichwa cha Keekee kikagonga nguzo hadi kofia ikapasuka. Alirudisha usukani. Greda akamgonga tena, safari hii mbele, kitu chini ya boneti kikachanika, na oili ikaanza kudondokea ekzosi.

Ndipo akaona. Oili iliyoungua ilitoa moshi wa buluu, na moshi ule haukutawanyika. Uliingia kwa nyuzi kumi na saba, uzi mmoja kila tundu, ukapita kwenye magoko yake, ukapanda tumboni, ukapita sikioni, ukatoka moja kwa moja kwa lile tundu la nyuma. Upepo wa mwendo ulikuwa unalinyonya joto kutoka kwenye injini kama mtu anayevuta sigara, na Keekee ndiye tumbaku.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

Hakupata muda wa kujilaumu zaidi. Mzunguko wa kumi, mbele ya watu wote, Greda alimpiga kwa nyuma kwa nguvu zake zote. Gari jepesi likaruka, likajizungusha mara mbili hewani, wenye chumvi husema mara tano, likapigilia pua kwenye lundo la kokoto. Injini ikazima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteguka kiwiko. Meno mawili yalikuwa mapajani.

Juu ya ukingo, dada akavuta kamba ya grenda.

"Unashuka?" alipaza sauti.

Keekee alilitazama pengo la mlango uliong'oka. Hewa baridi ilikuwa hapo nje, bure. Kisha akalitazama lile bati lenye matundu yaliyopangwa kwa mistari mizuri, kila moja amelipiga msasa kwa kidole.

"Sishuki!"

Akainama kichwa chini, miguu kwenye kiti. Alikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa. Alivua soksi, akazilowesha, akazisokomeza: mawili. Kitambaa cha jasho: la tatu. Shati akalichana kwa meno yaliyobaki, mikono, kola, mgongo, kila kipande akakitia maji na kukipigilia kwa kisigino cha bisibisi huku bati likimchoma vifundo na ngozi ikibaki humo. Ovaroli ikafuata mguu mmoja baada ya mwingine. Makalio ya ovaroli, kipande kizito kuliko vyote, aliyasokomeza kwenye tundu la nyuma. Akahesabu. Kumi na sita. Maji yalibaki funda moja, na koo lake lilikuwa kama msasa. Amebaki na chupi na daftari.

Akatazama chupi. Akatazama watu pale ukingoni, na mkewe kati yao. Akalifungua daftari. Miaka sita ya gramu, kurasa zote, kwa wino wa buluu. Akazing'oa, akazitemea lile funda la mwisho la maji, akazikanda kama unga, akaziba la kumi na saba.

Injini iliwaka kwa jaribio la nne. Watu waliona gari lisilo na mlango likitoka kwenye lundo, ndani mzee mwenye chupi tu na kofia iliyopasuka, damu hadi kitovuni, akipiga honi. Lilinuka soksi za kuchemsha. Lakini ndani, kwa mara ya kwanza tangu liundwe, mlikuwa na joto la kawaida tu, la siku ya jua.

Na mtu asiyebanikwa huona mbali. Mzunguko wa kumi na tatu alimwona Greda kwenye kioo, anakuja na reli yake kama fahali. Keekee alingoja. Akangoja. Alipoona rangi ya ufizi wa Greda, akakanyaga breki mwanzoni mwa kona na kuteleza upande wa ndani. Greda akapita peke yake, akaingia kwenye ukuta wa mawe. Reli ikarudi nyuma, ikapasua rejeta, na maji ya moto yakamrukia mwenye gari mpaka akatokea dirishani anapiga mayowe. Tangu hapo, kila Keekee alipopita pale, alipigwa jiwe. La mzunguko wa kumi na sita lilimvunja pua. La mzunguko wa kumi na nane lilipita kwenye mojawapo ya matundu ya boneti bila kugusa kitu, naye akacheka.

Alimaliza wa mwisho. Mshika bendera alikuwa ameshaikunja, ikabidi aikunjue.

Greda alishuka mbio na kipande cha chuma, uso umebabuka, anakuja kummalizia mzee ndani ya mkanda wake. Hakufika. Shemeji alisimama kati, bega la kulia limefungwa bandeji, mkono wa kushoto umeshika kile kiatu chenye muhuri wa pedali. Kilishagandamana kikawa kigumu kama tofali. Alimpiga Greda nacho mara moja, chini ya taya. Greda akalala chali, na chuma chake kikamlalia.

"Huyu nampiga mimi peke yangu," Shemeji akamweleza.

Walimsukuma Keekee na gari lake hadi kwenye mizani ya dada, ile ya kupimia vyuma chakavu. Dada alikuwa na kipimo cha asubuhi, dereva akiwa ndani na nguo zake zote. Akatazama mshale.

"Matundu yamezibwa mangapi?"

"Yote, dada."

"Kwa nini?"

"Kwa... nilichokuwa nimevaa."

"Basi viraka vimeongeza kilo ngapi?"

Keekee akafungua mdomo. Kilichotoka ni jino la tatu.

"Hata moja," dada akasema. "Umenivunjia mume kwa ajili ya uzito wa nguo ulizovaa wewe mwenyewe. Haya. Gari ni lako, nimesema. Lakini grenda nimeshaijaza petroli."

Aliingia bandani, akatoka na ile mashine ya kutobolea ya Keekee, akaiweka juu ya kipande cha reli, akavuta kamba ya grenda. Cheche ziliruka hadi kwenye mabafu. Keekee, aliyevunjwa pua, kiwiko na meno bila kutoa chozi, alilia kwa sauti, kwikwi zikimtikisa kwenye mkanda.

Shemeji alichuchumaa mlangoni, mahali ambapo mlango ungekuwapo. Akaanza kuyahesabu malengelenge ya duara kwenye magoko ya mzee, moja moja, kwa kidole cha mkono mzima.

"Kumi na manne," akasema. "Matatu yamekwenda wapi, shem?"

"Yalipita katikati," Keekee akajibu kwa kwikwi. "Usihesabu juu zaidi."