Futi Iliyovutika

Wifi yangu ana macho makavu, sijaona. Huyu dada wa mume wangu anajiita Kocha tangu apange ule ukumbi nyuma ya duka la mbao na kuanza kuwarusha wanawake mazoezi. Kuruka sikatai. Ugomvi wetu ni unga wake wa mizizi, kijiko asubuhi, kijiko jioni, eti unasawazisha homoni, unakata tumbo, unanyoosha hedhi. Mizizi ya nini? Ukimuuliza anacheka.

Mdogo wangu akauamini. Ana ugonjwa wa tezi ya shingo, na daktari alimwambia vidonge vyake ni vya kila siku, maisha yote. Akaviacha! "Dada, siku ya kwanza kiuno kilikuwa tisini na sita, sasa tisini na tatu," ananiambia, sauti inakwaruza, masweta mawili mwilini na jua linawaka. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nikimsihi arudie dawa, jibu ni lile lile: tisini na tatu.

Mimi ni fundi cherehani. Gauni nililomshonea juzijuzi lilikuwa linamkaa barabara. Jumatatu zipu ikagoma katikati ya mgongo. Nikampima: tisini na saba. Nikarudia, akanisukuma mkono.

"Una wivu wewe!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Futi anayopimia Kocha nilimpa mimi. Ni futi yangu ya zamani, ya kitambaa, imevutika kwa miaka mingi ya kuning'inia shingoni. Alikuja kuiomba mwezi mmoja baada ya kufungua ukumbi; ile tisini na sita ya siku ya kwanza alikuwa ameipima kwa futi nzima. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Wifi, hii inapunguza watu, usipimie kitu." Akajibu, "Basi ndiyo ninayoitaka." Nami, mjinga, nikacheka naye.

Kesho yake nikaingia ukumbini. Wanawake wako kwenye foleni ya kupimwa, mdogo wangu akiwa kati yao, na kila anayepungua anapigiwa makofi. Nikampokonya Kocha ile futi, nikailaza sakafuni sambamba na yangu mpya. Tisini na tatu yake ikaishia kwenye tisini na saba yangu.

"Haya, someni wenyewe!"

"Fundi, toka ukumbini kwangu," Kocha akasema.

"Ulijua! Nilikwambia!"

"Wamekuja kwa hiari yao. Nimemshika nani mkono?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Hata hakushtuka.

"Nilijua, dada. Si mimi ninayezivaa hizo nguo?"

"Sasa?"

"Hapa wananipigia makofi. Kwako napata vidonge na masimango."

Ilinichoma, maana ni kweli, namsimanga. Nikatoa mkobani kopo la vidonge alilolitelekeza nyumbani, na chupa ya maji. Maneno matamu sina, sijawahi kuwa nayo.

"Nuna. Nichukie. Lakini meza."

"Anamlisha kama mtoto," Kocha akaguna. Hakuna aliyecheka.

Mdogo wangu akameza, kisha akanirushia kifuniko cha chupa kifuani. "Sikusemeshi tena."

Hajanisemesha kweli. Kila asubuhi anapita kibandani kwangu, anasimama mbele ya cherehani, anameza bila salamu. Naweka mkasi chini na kumpigia makofi, peke yangu, wapita njia wakiniona chizi. Ananisonya, anaondoka. Kesho yake anarudi.