Glasi Moja Kila Saa

Kufikia saa tatu ya asubuhi Kahindo alikuwa amepanga viazi vilivyotoka Kipese katika marundo saba, na alikuwa amekunywa glasi yake ya tatu ya maji. Wanawake wa mstari wa viazi walikuwa wanamtazama kama mtu anayewasha kiberiti karibu na petroli.

Pale sokoni hakuna aliyekunywa. Ndivyo kazi ilivyokuwa: kikombe cha chai nyumbani kabla ya jua kutoka, kisha mdomo unafungwa mpaka jioni. Maji hayakukosekana. Bomba lilikuwa pale pale kwenye mlango wa soko, na milima ya Butembo haijawahi kuwa na ubahili wa chemchemi. Shida ilikuwa choo.

Choo kilikuwapo, tena kizuri. Mlango wa buluu, vigae vyeupe ukutani, pipa la kunawia mikono, na kibao kilichosema kwamba kimejengwa kwa ajili ya akina mama wauza viazi. Siku ya kukifungua waliimba mpaka sauti zikawakauka. Kesho yake kikatiwa kufuli. Ufunguo ukaning'inia kwenye mkanda wa Manassé, karani wa biro ya soko, naye akawaeleza bila hasira kwamba choo kikitumiwa kitachafuka, na wageni wa mradi uliokijenga wakirudi kutoka Beni wataonyeshwa nini?

Sofia, mama yake Yassini, Mwislamu aliyeuza vitenge upande wa pili wa njia, alikuwa na utani wake juu ya jambo hilo, na hakuchoka kuurudia.

"Mie nafungaka mwezi moja, na magaribi nafungua na tende," alisema. "Banyi bakristo munafungaka mwaka muzima, na hata mwezi ya kuangaliya mbinguni hamuna."

Kahindo alikuwa amefunga hivyo miaka minne, na mwili ukamjibu. Mara ya kwanza mkojo ulipomchoma kama pilipili, Faida wa meza ya kushoto alimpa vidonge vinne vilivyobaki katika kopo lake la maziwa. Moto ukazima, kisha ukarudi. Mara ya pili alinunua vidonge kimoja kimoja kwenye kibanda cha dawa. Siku ya tatu akajisikia vizuri, na viwili vilivyobaki akampa Faida, ambaye naye alikuwa anaungua. Dawa ilizunguka hivyo mstari mzima. Kila mmoja aliianza, hakuna aliyeimaliza.

Mara ya tatu moto ulimkuta na mimba ya miezi sita, na homa juu yake. Akaenda kituo cha afya. Muuguzi, dada mmoja mpole jina lake Rébecca, alichovya karatasi nyembamba katika mkojo wake, akaiangalia ikibadilika rangi, akamwambia kwamba vijidudu vilikuwa vimepigwa makofi tu, havijauawa, na kila kofi lilivifundisha kuizoea dawa. Vikipanda mpaka kwenye figo, mtoto anaweza kutoka kabla ya siku zake. Akampa antibiotiki inayomfaa mwenye mimba, na kwenye ordonansi, karatasi ya dawa, akaandika: kidonge asubuhi, kidonge jioni, siku tano, bila kuruka, bila kumgawia mtu, hata kama maumivu yameisha. Chini yake akaandika mstari wa pili: maji, glasi moja kila saa, akojoe kila baada ya saa tatu, asizuie.

Kahindo aliuliza kwa sauti ndogo asizuie namna gani, na choo kina kufuli. Rébecca akachukua muhuri wa kituo na kuugandamiza juu ya mstari ule wa pili, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu.

Leo ilikuwa siku ya tatu. Moto haukuwapo tena. Usiku alikuwa amelala usingizi mzima, na alfajiri mtoto akampiga teke zuri la ubavuni, akacheka peke yake mbele ya jiko hata Shalom, binti yake, akamuuliza kuna nini.

Faida aliiona ile nuru usoni mwake na akanyoosha mkono, kama kawaida yao.

"Ulisha pona, mama Shalom. Unipe mbili mu zile za kubakiya, kwangu inaanza kuwaka."

Hakuwa amewahi kumnyima Faida kitu, hata chumvi. Aliushika ule mkono uliokuwa wazi mbele yake.

"Hapana, Faida. Hizi ni za mutoto. Kesho mie mwenyewe nitakupeleka ku centre, bakupime."

Faida akavuta mdomo na kugeukia viazi vyake. Saa nne, Kahindo alipoinuka akishika kiuno, ni Faida huyo huyo aliyesema atamwangalizia meza.

Manassé alikuwa ndani ya biro anamenya karanga juu ya daftari. Akamwambia kabla hajaulizwa kwamba choo kimefungwa. Kahindo akaiweka ordonansi mbele yake. Manassé aliisoma kwa kidole, akafika kwenye muhuri, akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Miaka kumi na moja alikuwa amewarudisha watu nyumbani kwa kukosa muhuri. Sasa muhuri wa serikali ulikuwa umekuja wenyewe.

"Donc," akasema polepole, "ni Leta inasema ukojoe."

"Ni Leta, papa Manassé."

Akafungua. Akamkumbusha kwamba ordonansi ni ya mtu mmoja, kisha, kwa adabu, akasimama hatua kumi mbali, akakipa choo mgongo na kutazama barabara.

Ndani vigae viling'aa, bado vinanuka sementi. Kahindo alikojoa bila kuumia na akasikia machozi ya furaha yakimjia, mahali pa ajabu pa kulilia. Alipotoka, mgongo wa Manassé ulikuwa pale pale, haujageuka. Akamkonyeza Faida kule mezani. Faida akaingia kimya, viatu mkononi.

Manassé akauliza, huku anatazama barabara, kama mama amemaliza.

"Bado, papa," sauti ya Faida ikajibu. "Mimba inakawishaka."

Baada ya Faida akaingia mwingine, na mwingine. Zamu ya Sofia ilipofika, Manassé akauliza mbona sauti imebadilika.

"Ni vigae, papa. Inarudishaka sauti hivi."

Wanawake walijiziba midomo kwa vitenge. Mabega ya Manassé yakaanza kutetemeka, na hakuna aliyejua kama ni hasira au kicheko. Hakugeuka.

Saa saba alifungua tena, kama ordonansi ilivyosema, na saa kumi tena. Katikati ya hapo Sofia alileta bidoni ya maji kutoka bombani, na kikombe kimoja kikapita meza kwa meza. Walikunywa mchana, jua likiwaka, mbele ya wateja. Mmoja alisema kichwa kilichokuwa kikimuuma tangu mwaka juzi kimenyamaza.

Jioni walikisugua choo kwa brashi na maji mengi. Manassé alipitisha kidole kwenye vigae, kikatoka safi. Ila akawakumbusha kwamba ordonansi ni siku tano. Ikiisha, kufuli inarudi. Wageni watakuja, hakuna anayejua lini.

Kahindo akatoa kidonge chake cha saa kumi na mbili, akakimeza na glasi nzima ya maji, wote wakimtazama mpaka tone la mwisho.

Sofia akaiomba ile karatasi. Akauangalia muhuri kwa muda, akauliza kituo kinafunguliwa saa ngapi. Saa moja, Kahindo akamwambia. Basi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakutane hapa, akasema Sofia, mstari wote. Faida akadai atangulie yeye kupata ordonansi yake, kwa kuwa ndiye mgonjwa wa kweli.

Manassé alikuwa anahangaika na kufuli.

"Mais weye haugonjwe, mama Yassini," akasema. "Utamuambiya nini infirmière wa ku centre?"

Sofia alikuwa amekwisha kukunja vitenge vyake na kuvipandisha kichwani.

"Nitamuambiya niko na kiu."